Mafuta Hayajaibiwa, Yamehamia Nyuma

Mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mbeya. Aliyewahi kulala mji huu mwezi huo hahitaji kusimuliwa baridi yake. Shemeji yangu alikuwa amesimama getini kwake, katika mitaa ile ya juu inayopanda kuelekea mlima Loleza, koti limefungwa hadi kidevuni, anamwuliza mlinzi swali lilelile kwa mara ya tatu.

"Mzee wangu, mafuta yamekwenda wapi?"

"Baba, nimekaa hapa usiku kucha. Hakuna mtu aliyesogea."

Lori lilikuwa limelala kwenye njia ya kuingilia nyumbani, pua juu mlangoni, mkia chini upande wa barabara. Jioni alipolileta, mshale wa geji ulikuwa juu kidogo ya mstari mwekundu. Alfajiri alipofungua swichi, mshale haukuinuka kabisa. Alipopiga stata injini iliwaka, ikanguruma kama nusu dakika, ikakohoa, ikazima. Kuanzia hapo stata ilikuwa inazunguka tu. Utingo, kijana mwepesi wa kuhukumu, alikuwa ameshaokota kipande cha mpira karibu na tairi na kukishika kama kielelezo cha mahakamani.

Wizi wa mafuta upo, tusidanganyane. Njia nzima ya kwenda Tunduma madereva wanalala na roho juu kwa sababu ya watu wa mipira na madumu. Kwa hiyo simlaumu shemeji kwa alichokifikiria kwanza. Ila asubuhi ile hakuna aliyeiba. Mafuta yote yalikuwa tangini, yamehamia upande ambao bomba la kunyonyea halifiki.

Ukitaka kuliona jambo lenyewe, chukua dumu jeupe la mafuta ya kula la lita 5, tia maji kidogo, lilaze ubavu, kisha inua mwisho mmoja. Uso wa maji unabaki sawa na upeo wa macho, hata dumu liinamishwe vipi. Maji yanakimbilia chini na kuwa kama kabari: mazito upande mmoja, membamba katikati, upande wa juu pakavu. Dumu likiwa limejaa huwezi kuligundua hilo, maana kila pembe ina maji. Linaonekana pale tu yanapokuwa machache. Ndiyo maana dereva anaweza kulaza lori mahali palepale miaka mitatu bila tatizo, kisha siku moja akarudi na tangi la kulamba akadhani amelogwa.

Sasa tuingize namba, kwa kuwa maneno matupu hayamridhishi mwenye gari. Tangi la shemeji nililipima kwa futi ya fundi seremala. Urefu wake, kwa kufuata urefu wa lori, ni mita 1. Upana sentimita 60, kimo sentimita 30. Likijaa pomoni linachukua lita 180. Tuseme zimebaki lita 30. Kwenye uwanja tambarare hizo zinasimama kina cha sentimita 5. Bomba la kunyonyea halifiki sakafuni. Linaachiwa nafasi, tuseme sentimita 2, lisije likanyonya matope. Mdomo wake basi uko ndani ya mafuta sentimita 3. Gari linakwenda vizuri, na lita hizo zinatosha kulifikisha Tukuyu.

Lipandishe lori hilohilo kwenye njia inayoinuka sentimita 20 kwa kila mita, yaani mwinuko wa asilimia 20. Usione ni mkubwa mno; nyumba nyingi za Mbeya zilizochongwa ubavuni mwa mlima zina njia za namna hiyo, na nyingine zinazidi. Lita zilezile 30 zinakusanyika nyuma, kina sentimita 14 kwenye ukuta wa nyuma, zikipungua kadiri unavyokwenda mbele, na zinakatika kabisa baada ya sentimita 71. Sentimita 29 za mbele ni bati kavu. Kwenye tangi la shemeji bomba linashukia sentimita 10 kutoka ukuta wa mbele. Hapo hakuna hata tone.

Kinachowashangaza watu nikiwafanyia hesabu hii ni kiasi cha mafuta kinachohitajika ili mdomo wa bomba uguswe tena bila lori kusogea. Si lita mbili wala tano. Ni lita 60 kwa jumla tangini, theluthi nzima ya tangi. Yule anayeteremka na kidumu cha lita 5, akamimina, akapiga stata hadi betri ikafa, amelisha kabari ya nyuma tu.

Na geuza mambo: lori hilohilo, mteremko uleule, lita zilezile 30, ila limeingia kinyumenyume na pua inatazama barabarani. Sasa mbele ndiko chini. Mafuta yanalifuata bomba, nalo linazama kwenye kina cha sentimita 12. Zaidi hata ya tambarare.

Kama bomba linashukia katikati ya tangi, hadithi inabadilika tena. Kwa lita hizo 30, pua juu au pua chini, katikati kunabaki kama sentimita 4. Kwa hiyo jirani yako anaweza kulaza gari lake kando ya lako, na mafuta machache kuliko yako, asubuhi akaondoka akikupungia mkono. Hana dua ya ziada. Tangi lake limetobolewa mahali pengine. Ukitaka kujua la kwako, tazama juu ya tangi zinapoingia nyaya za geji na mipira ya mafuta. Mara nyingi bomba na boya la geji hushuka pamoja kupitia kifuniko kimoja, au vinakaa karibu.

Hapo ndipo geji nayo inapoingia kwenye ugomvi. Geji haipimi lita. Inapima kimo cha boya mahali boya lilipo. Kama boya lipo upande uliokauka, mshale unalala ingawa lita 30 zipo. Kama lipo upande uliojaa, mshale unapanda na kukukopesha mafuta usiyokuwa nayo, na huo kwangu ndio uongo mbaya zaidi, maana mtu anapanga safari kwa kuutazama. Shemeji alisoma geji akiwa bado barabarani, kwenye usawa. Geji za magari hufanywa nzito makusudi ili mshale usicheze kila mafuta yanapotikisika. Alipopanda kwake akazima upesi, mshale ulikuwa haujapata muda wa kushuka. Asubuhi alipofungua swichi ukamwambia habari za kwenye mlima. Yeye akalinganisha namba mbili za mahali pawili tofauti, akamwita mzee wa watu.

Halafu kuna swali alilouliza utingo, na lilikuwa zuri kuliko kielelezo chake: kama bomba lilikuwa hewani, mbona jana lori lilipanda bila kukohoa? Kwa sababu mpira mrefu wa kutoka tangini pamoja na filta vilikuwa vimejaa dizeli. Injini iliendelea kula hiyo wakati bomba limeanza kuvuta upepo nyuma yake. Dereva akazima kabla upepo haujafika. Asubuhi ile nusu dakika ya kunguruma ilikuwa masalia ya filta. Shika alama hiyo: gari linalowaka upesi, likaenda kidogo, kisha likafa, lilikuwa na mafuta karibu na injini lakini nyuma hayaji.

Mlima wa Kitonga hufanya mchezo huohuo gari likiwa linatembea. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa anapanda pua juu kwa muda mrefu, na vibati vya ndani ya tangi havimsaidii. Vile vimetobolewa, kazi yake ni kupunguza mtikisiko, haviwezi kuzuia mafuta kutafuta usawa wake. Mshale ukiwa kwenye nyekundu pale chini, jaza chini. Lori likikata moto kati ya ile kona na ukuta wa mlima, msururu nyuma yako utakujua kwa jina.

Lakini si kila lori linalogoma mlimani lina tatizo la mafuta kidogo, na hapa mafundi wengi wanachanganya mambo mawili. Kuna lori linalolala pua juu na tangi nusu, na asubuhi haliwaki kabisa. Unapiga stata muda mrefu, halishiki hata kidogo. Hilo huenda mafuta yake yamerudi tangini usiku.

Kwenye dizeli nyingi za zamani, pampu ya kupandisha mafuta imefungwa kwenye injini na inanyonya kutoka tangini. Linganisha na bomba la TAZAMA, lile la mafuta la kilomita 1,710 la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, linalopita huku kwetu tangu 1968. Mle mafuta yanapandishwa milima kwa kusukumwa na vituo vya pampu. Bomba linalosukuma likitoboka, mafuta yanaruka nje na kila mtu anaona. Mpira unaonyonya ukipata ufa, hautoi tone; unaingiza upepo. Unaweza kuupitishia kiganja mpira wote kikabaki kikavu, ukaapa hakuna kinachovuja. Klipu iliyolegea, mpira uliopasuka kwa jua, oringi ya filta iliyozeeka, vyote vinatosha. Injini ikiwa inafanya kazi pampu inamudu. Ikizimwa, upepo unaingia kupitia ufa na dizeli iliyosimama ndani ya mpira inashuka kurudi tangini kwa uzito wake.

Mlima unazidisha. Kama kutoka injini hadi tangi ni mita 3, mwinuko wa asilimia 20 unaishusha tangi sentimita 60 zaidi chini ya injini kuliko ilivyo kwenye tambarare. Ufa uliokuwa hausumbui Mwanjelwa, kwenye usawa, unasumbua Loleza. Lilaze pua chini, tangi linaweza kuwa juu ya injini, na ufa uleule ukaanza kudondosha dizeli nje. Mimi nashauri kulitumia hilo kama kipimo: weka kipande cha boksi kavu chini ya gari usiku mmoja likiwa limetazama chini, asubuhi ulisome. Wengine hukata mpira kati ya tangi na pampu wakaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani, wakatazama mapovu yakipita. Nayo ni njia nzuri, mradi kipande hicho ni cha kuhimili dizeli na hakibaki hapo milele.

Maji nayo nisiyapite. Tangi lililo karibu tupu lina hewa nyingi, na usiku wa baridi ya Mbeya unyevu wa hewa hiyo unageuka matone kwenye bati kama jasho na kushuka. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini kabisa, na kwenye mteremko yanakusanyika pembe ya chini pamoja na uchafu wote. Kwa hiyo ule ushauri wa kulaza lori pua chini, ambao bado nausimamia, una bei yake kama tangi ni chafu: umeupelekea mdomo wa bomba supu ya matope. Fungua koki ya chini ya filta mara kwa mara uone kinachotoka.

Malori yenye matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba yana kituko chao. Yakilala ubavu, upande mmoja kwenye tuta na mwingine mtaroni, dizeli inahamia tangi la chini, na kama yamejaa inafurika kwenye kifuniko. Mwenye gari anaamka anakuta dimbwi, anaanza tena habari za mlinzi. Gari ndogo za kisasa za petroli zina pampu ya umeme ndani ya tangi, mara nyingi imewekewa kikombe kinachobakiza mafuta kidogo kuizunguka, ndiyo maana hazisumbuki sana kwenye vilima vifupi. Ila pampu hiyo inapozwa na petroli yenyewe. Kuizungusha kavu ukitumaini itakamata ni kuiua.

Turudi getini, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipokuwa inataka kuanza. Mtu mmoja aliyekuwa anapita, kila mtaa una mtu wa namna hii, alisema: "Achieni breki, lirudi barabarani kwenye usawa, litashika lenyewe."

Ni wazo la kuua. Injini iliyozimika haimsaidii dereva usukani. Utageuza chuma kizito kwa mikono. Breki za mafuta zinazosaidiwa na injini zinakupa mkanyago mmoja au miwili yenye nguvu, baada ya hapo unakanyaga ukuta. Za upepo zina akiba kwenye mitungi yake, lakini injini haiongezi nyingine, na usiku kucha mitungi huenda imeshavuja. Tani kadhaa zinarudi kinyumenyume kwenye njia nyembamba, na chini kuna barabara ambayo watoto wanaenda shule. Na hata kulishtua kwa gia hakutasaidia chochote: injini iliyovuta upepo haina cha kuchoma.

Kuhusu breki ya kuegesha, kuna tofauti ambayo kila mtu wa lori angefaa kuijua. Malori makubwa ya breki za upepo yanashikwa na springi. Upepo ndio unaoziachia. Upepo ukiisha usiku, springi zinaendelea kubana, hazilegei. Lakini malori mengi ya kati ya Kijapani yana breki ya mkono inayobana propela shafti, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, nyuma ya giaboksi, haigusi magurudumu. Hiyo inafanya kazi maadamu magurudumu yote mawili ya nyuma yako chini. Inua moja kwa jeki mlimani, difu, ile gia inayogawa mzunguko kati ya magurudumu ya nyuma, inaliruhusu lile la hewani kuzunguka upande huu na la chini upande ule, na lori linaondoka huku handbreki imevutwa hadi mwisho.

Kwa hiyo kwanza mawe. Tulitafuta mawili makubwa yenye pembe, si ya mviringo ya mtoni, tukayasukumiza nyuma ya matairi ya nyuma, kila upande moja, kwa kuwa pua ilikuwa juu na lori lingekimbilia nyuma. Handbreki ikabaki imevutwa. Shemeji akaweka gia namba moja alipomaliza kujaribu stata. Lingekuwa limetazama chini angeweka rivasi. Gia peke yake usiitegemee, kwani mgandamizo wa injini unavuja polepole na gari linaweza kusogea kidogo kidogo. Matairi ya mbele yalikuwa yamegeuzwa pembeni ili likiteleza nyuma liangukie kwenye kingo ya udongo na lisifike barabarani. Hilo alikuwa amelifanya tangu jioni bila kufikiri, mkono wa dereva wa miaka mingi.

Stoo kwake kulikuwa na madumu mawili ya lita 20, dizeli ya mashine ya kusaga. Tukamimina yote, lita 40, kupitia kitambaa safi. Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo. Juu ya filta kuna kipampu cha mkono. Unalegeza skrubu ndogo pembeni yake, unabonyeza, unabonyeza. Mwanzoni hakuna kinachokuja, kidole gumba kinaanza kuuma, unadhani unapoteza muda. Baadaye linatoka povu jeupe, linatema, linatema tena, kisha dizeli safi isiyo na povu inateremka kama uzi. Unaikaza skrubu wakati uzi bado unatiririka, si baada ya kukatika. Ukiendelea kubonyeza, kipampu kinakuwa kigumu. Ndipo stata, sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika moja au mbili, rudia. Baridi imeshainyang'anya betri nguvu yake, usiimalizie.

Mafundi wa zamani walikuwa wanalegeza na nati za mabomba ya nozeli huku stata inazunguka, na kwa injini zile walikuwa sawa. Kwa dizeli za kisasa zenye reli moja ya mafuta, usithubutu. Mle mgandamizo unapita bar 1,000, na uzi wa dizeli kwa nguvu hiyo unapenya ngozi kama sindano. Injini hizo pia zinalainishwa pampu yake na dizeli yenyewe, kwa hiyo kuziendesha kwenye upepo ni hasara ya pampu nzima.

La shemeji liliwaka mara ya tatu, moshi mweupe ukafunika geti. Mawe tukayaondoa dereva akiwa ndani, mguu kwenye breki, utingo akiwa ubavuni anapoonekana kwenye kioo, si nyuma. Akalishusha taratibu hadi pale tambarare mbele ya duka, akazima, akakata ufito wa mkaratusi, akauingiza wima tangini hadi ukagonga chini.

Ulitoka umelowa karibu sentimita 12. Kwa tangi lile hizo ni kama lita 70. Toa 40 tulizomimina.

Shemeji aliutazama ufito, akautazama tena, akaufuta kwenye suruali. Akapanda hadi getini.

"Mzee wangu, nisamehe."

"Ndaga, baba," mzee akajibu, akishukuru kwa Kinyakyusa, akavuta blanketi lake. "Chai ipo?"

Utingo alikuwa bado ameushika ule mpira.